UCHANGANUZI: Fundo la kamba lililowashangaza wataalamu, na swali linalobaki kuhusu hesabu shuleni

MJADALA uliozuka nchini mwaka 2025 kuhusu nafasi ya somo la hesabu katika sekondari ya juu ulizimwa haraka na serikali, lakini swali lililouzaa halijajibiwa hadi leo: hesabu ni za nini, na ni za nani?

Mtaala mpya wa umilisi ulikuwa umelifanya somo hilo kuwa la hiari kwa wanafunzi ambao hawangechagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Wazazi, walimu na wanataaluma waliteta. Mnamo Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hesabu: wale wa sayansi watafundishwa hesabu kamili, na wa mikondo mingine watafundishwa hesabu za kimsingi zinazofaa maisha ya kila siku. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo kwa utaratibu huo Januari 2026.

Miezi miwili tu baada ya tangazo hilo, wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, Mark Brittenham na Susan Hermiller, walitoa utafiti uliobomoa imani iliyokuwa imedumu kwa miongo mingi. Utafiti wao haukuhusu roketi wala benki. Ulihusu kamba na fundo.

Kwa mtazamo wa haraka, habari hizo mbili hazina uhusiano. Hata hivyo, anayezichunguza kwa makini atatambua kwamba ya pili inatoa mwanga juu ya ya kwanza, na kwamba mwanga huo unawafaa hata wakazi wa mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi.

<b>Mahali penye makonge</b>

Makongeni, mtaa ulio kando ya barabara ya Jogoo, ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2025 wapangaji wake walianza kuhamishwa ili kupisha mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Nyumba zaweza kubomolewa, lakini jina halibomoki. Kwa Kiswahili, Makongeni ni mahali penye makonge, ile mimea inayotoa katani, na katani ndiyo mama wa kamba.

Katika sehemu hizo za jiji, kuanzia soko la Muthurwa hadi Gikomba, fundo ni chombo cha kazi. Hamali wa mkokoteni anajua kwa mikono yake fundo litakaloshika na fundo litakalofyatuka. Asilolijua, na ambalo wanahisabati wamelihangaikia tangu karne ya 19, ni hili: akipewa fundo lolote, atajuaje kwa hakika kwamba halifunguki?

Swali hilo linahitaji sharti moja. Katika hesabu, ncha mbili za kamba huunganishwa ili fundo lisichomoke kwa kuvutwa. Kamba yaweza kunyooshwa, kupindwa na kusukumwa, ila haikatwi. Mafundo mawili huwa kitu kimoja iwapo moja laweza kugeuzwa kuwa jingine kwa njia hiyo. Elimu inayochunguza mambo yasiyobadilika wakati umbo linapovutwa na kupindwa huitwa topolojia.

Ugumu wake ni dhahiri. Mtu akijaribu kulifungua fundo mara elfu na akashindwa, hajathibitisha lolote, kwani huenda jaribio la elfu na moja lingefaulu. Kuthibitisha kwamba jambo haliwezekani kunahitaji hoja, wala hakuhitaji jasho.

Wala si kweli kwamba fikra za aina hii ni ngeni barani Afrika. Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuchunguza michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola, iitwayo sona. Katika aina moja ya michoro hiyo, mchoraji huweka vitone kwa safu, kisha hupitisha mstari kati yake bila kuinua kidole. Vitone vikiwa safu 5 kwa 6, mstari mmoja hutosha. Vikiwa 4 kwa 6, mistari miwili huhitajika. Kanuni yake ni ile namba kubwa kabisa inayogawanya zote mbili bila baki, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi hufundishwa.

<b>Geji ya reli na geji ya fizikia</b>

Silaha iliyoleta mapinduzi katika elimu ya mafundo haikutoka kwa wanaochunguza kamba. Ilitoka katika fizikia, na inaitwa nadharia ya geji.

Neno hilo si geni kwa Wakenya. Reli ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899 ina geji ya milimita 1,000. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina geji ya milimita 1,435. Geji ni kipimo kilichokubaliwa mahali fulani. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine, lakini gunia la majani chai linalohamishwa kutoka behewa hili hadi lile halipungui uzito kwa sababu ya upana wa reli. Kipimo ni chaguo la binadamu, ilhali uzito wa gunia si chaguo la mtu.

Mjerumani Hermann Weyl ndiye aliyelianzisha wazo hilo katika fizikia mwaka 1918. Alijiuliza: itakuwaje iwapo kila mahali ulimwenguni pana uhuru wa kuchagua kipimo chake? Jaribio lake la kwanza lilipingwa na Albert Einstein, lakini mwaka 1929 alilifufua kwa sura nyingine likakubalika. Mwaka 1954, Chen Ning Yang na Robert Mills walilipanua, na likawa msingi wa maelezo ya nguvu zinazotawala chembe ndogo kabisa za maada.

Mfano wa sarafu waweza kulifafanua zaidi. Hadi mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja. Tangu zilipotengana, kila nchi ina shilingi yake na thamani yake. Tuseme Tanzania iamue kuondoa sufuri tatu kwenye noti zake zote, na bei na viwango vya kubadilisha fedha virekebishwe papo hapo. Hakuna atakayetajirika wala kufukarika, kwani kilichobadilika ni kipimo tu.

Sasa achukuliwe mfanyabiashara anayetoka Nairobi na shilingi 1,000 za Kenya, akazibadilisha Arusha, akazibadilisha tena Kampala, kisha akarejea Nairobi. Akifika na shilingi 1,020, faida hiyo ya 20 ni ya kweli. Haitegemei Tanzania imeandika sufuri ngapi kwenye noti zake. Imetokana na mzunguko mzima, wala haimo katika kituo kimoja pekee.

Hicho ndicho kiini cha nadharia ya geji. Hupuuza yale yanayotegemea chaguo la kipimo, na kutafuta yale yanayojitokeza msafiri anapozunguka na kurudi alikoanzia. Katika fizikia, "faida" hiyo ya mzunguko ndiyo nguvu, kama ile ya umeme na sumaku. Nayo topolojia, kama ilivyoelezwa, hutafuta yasiyobadilika. Si ajabu basi kwamba elimu hizi mbili zilikutana.

<b>Kutoka chembe hadi kamba</b>

Zilikutana hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Simon Donaldson, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alichukua milinganyo ya Yang na Mills akaitumia kuchunguza maumbo yenye pande nne, yaani urefu, upana, kina na wa nne kama vile wakati.

Donaldson hakulitazama umbo lenyewe moja kwa moja. Alikusanya majibu yote ya milinganyo hiyo ndani ya umbo, kisha akauchunguza mkusanyiko huo, ambao nao una umbo lake. Kama vile daktari anavyojua hali ya mgonjwa kwa kupima damu, yeye alijua siri za umbo kwa kupima majibu yanayoweza kukaa ndani yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba maumbo fulani ya pande nne, yaliyodhaniwa kuwezekana, hayawezi kamwe kulainishwa. Alitunukiwa nishani ya Fields mwaka 1986.

Lakini kamba ina uhusiano gani na pande nne? Jibu limo katika filamu. Kamba inayofunguliwa ipigwe picha kila nukta, kisha picha hizo zipangwe moja juu ya nyingine kwa mfuatano wa wakati. Mkufu wa picha hizo hufanya utando ndani ya ulimwengu wa pande nne. Kamba ikiruhusiwa kujipenya yenyewe mara moja, utando huo hujigusa mahali pamoja, na mguso huo waweza kubadilishwa kuwa tundu moja.

Kwa hiyo, iwapo itathibitishwa kwamba utando wa fundo fulani hauwezi kuwa na matundu chini ya matatu, itakuwa imethibitishwa pia kwamba kamba hiyo haiwezi kufunguliwa kwa kujipenya chini ya mara tatu. Idadi hiyo ndogo kabisa ya kujipenya ndiyo kipimo cha ugumu wa fundo.

Mfano maarufu ni kamba iliyozungushiwa tairi. Kamba ikizunguka tairi kwa urefu mara kadhaa, na wakati huo huo ikipita katika tundu la katikati mara kadhaa, ncha zake zikiunganishwa hutokea fundo moja, mradi namba hizo mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Zikiwa nacho, kamba mbili au zaidi huhitajika. Ni kanuni ile ile ya vitone vya Wachokwe.

Mwaka 1968, Mmarekani John Milnor alikisia ugumu wa mafundo hayo. Punguza moja kutoka kila namba, zidisha, kisha gawanya kwa mbili. Kwa namba 2 na 3, jibu ni 1. Kwa 3 na 4, jibu ni 3. Kwa 7 na 8, jibu ni 21. Kuonyesha kwamba idadi hiyo inatosha kulikuwa rahisi. Kuthibitisha kwamba pungufu yake haitoshi kulichukua robo karne, hadi mwaka 1993, Peter Kronheimer na Tomasz Mrowka walipofaulu kwa kutumia nadharia ya geji.

Mwaka uliofuata, Nathan Seiberg na Edward Witten walivumbua milinganyo myepesi zaidi, na hoja zilizokuwa zikijaza mamia ya kurasa zikafupika sana. Awali, mwaka 1989, Witten alikuwa ameonyesha kwamba polinomia ya mafundo iliyogunduliwa na Vaughan Jones wa New Zealand mwaka 1984 yaweza kuelezwa kwa nadharia ya geji. Nao Kronheimer na Mrowka, mwaka 2011, walithibitisha kwamba kipimo kiitwacho homolojia ya Khovanov, kilichochipuka kutokana na polinomia hiyo, kinatambua bila kukosea kamba isiyo na fundo lolote. Iwapo polinomia ya Jones peke yake inaweza kufanya hivyo bado ni kitendawili.

<b>Kifaa kilipokwama</b>

Hapa ndipo utafiti wa Nebraska unapoingia. Tangu miaka ya 1930, wataalamu waliamini kwamba mafundo mawili yakifungwa kwenye kamba moja, ugumu wake hujumlishwa. La ugumu wa 3 likifuatana na jingine la 3, jumla iwe 6. Dhana hiyo ina mantiki ya dukani: kilo tatu na kilo tatu ni kilo sita.

Brittenham na Hermiller walichukua fundo la tairi la namba 2 na 7, ambalo ugumu wake ni 3, wakaliunga na taswira yake ya kwenye kioo. Baada ya kupekua hazina kubwa ya mafundo kwa kompyuta kwa miaka mingi, walipata njia ya kulifungua fundo hilo pacha kwa kujipenya mara 5. Jumla ya tatu na tatu ikawa haizidi tano.

Kwa nini nadharia ya geji, yenye nguvu zote hizo, haikuyaona haya mapema? Kwa sababu fundo likiungwa na taswira yake ya kioo, utando wake katika pande nne hauhitaji tundu hata moja. Kipimo cha matundu kinasoma sifuri, ilhali kamba mikononi bado ina fundo. Sehemu moja imeifuta nyingine katika pande nne, lakini si katika ulimwengu huu wa pande tatu.

Hilo ni funzo kubwa. Kifaa kilichofungua milango iliyoshindikana kwa robo karne hakikuwa na la kusema mbele ya fundo pacha. Waliopata jibu ni wale waliokataa kuridhika na imani ya wengi, wakaendelea kutafuta.

<b>Faida iko wapi?</b>

Wakosoaji watauliza, tena kwa haki, elimu hii inamsaidiaje mwananchi anayetafuta karo na kodi ya nyumba.

Jibu la kwanza limo mwilini mwake. Karibu kila seli ya binadamu ina takriban mita mbili za uzi wa DNA, uliosongwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Uzi huo hujisokota na kujifunga. Mwili una vimeng'enya vinavyokata uzi, kupitisha sehemu nyingine katikati, kisha kuunga tena. Kitendo hicho ndicho kile kile cha kamba kujipenya. Dawa ya ciprofloxacin, inayotumiwa kutibu maambukizi mbalimbali ya bakteria, hufanya kazi kwa kuvuruga vimeng'enya vya aina hiyo ndani ya bakteria. Dawa hiyo haikubuniwa na wanahisabati, lakini hesabu za mafundo huwasaidia wanabiolojia kuelewa jinsi vimeng'enya hivyo vinavyotenda.

Jibu la pili ni la historia. Mwaka 1867, Lord Kelvin wa Uingereza alidai kwamba atomu ni mafundo ya kimiminika kilichojaa ulimwenguni. Rafiki yake Peter Tait akaanza kuorodhesha mafundo. Dai la Kelvin lilikuwa la uongo, na limesahauliwa. Orodha ya Tait ndiyo iliyobaki na kuzaa elimu yote hii. Hakuna waziri wa fedha wa zama hizo ambaye angeweza kutabiri kipi kati ya viwili hivyo kingefaa.

Jibu la tatu ni la gharama. Elimu hii haihitaji mtambo wa mabilioni. Inahitaji karatasi, maktaba, kompyuta, mwalimu na muda. Kwa nchi maskini, huu ndio mlango wa sayansi ulio wa bei nafuu kuliko yote.

<b>Kutoka Trieste hadi Kigali</b>

Aliyelitambua hilo mapema ni Abdus Salam wa Pakistan, ambaye mwaka 1979 alishiriki tuzo ya Nobel kwa kutumia nadharia hiyo hiyo ya geji kuunganisha nguvu ya umeme na sumaku na ile dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu. Miaka 15 kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1964, alikuwa ameanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi zinazoendelea wasilazimike kuchagua kati ya nchi zao na taaluma zao.

Matunda ya wazo hilo yamefika Afrika Mashariki. Mwaka 2018, taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi, mshirika wa kituo cha Trieste, ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali. Katika jiji hilo hilo, taasisi ya AIMS ya hisabati ilifungua tawi lake mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2002, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa vimeunda mtandao wa pamoja wa hisabati kwa msaada wa Uswidi.

Ukitazamwa vyema, mpangilio huu unaleta fahari na wasiwasi. Fahari, kwa kuwa mwanafunzi wa Kenya hahitaji tena kuvuka bahari ili kusoma nadharia ya geji. Wasiwasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya taa hiyo hutoka kwa wafadhili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti nchini Kenya. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa.

<b>Mlango unaofungwa mapema</b>

Kwa hali hiyo, tangazo la Aprili 2025 lilitatua nusu tu ya tatizo. Hesabu ni lazima, ndiyo, lakini mwanafunzi wa takriban miaka 15 anaamua, au anaamuliwa, iwapo atasoma zile zinazofungua mlango wa vyuo vya sayansi au zile za kumwezesha kupiga bajeti. Shule isiyo na walimu wa kutosha wa sayansi itawaamulia wanafunzi wake, hata kama hakuna atakayesema hivyo hadharani.

Uamuzi huo hauwaumizi watoto wa matajiri, ambao wana walimu wa ziada nyumbani. Unamuumiza mtoto wa Makongeni, Kaloleni au Mbotela, ambaye shule ndiyo ngazi yake pekee. Wa kwanza akikosea hurekebishwa. Wa pili hugundua kosa akiwa mlangoni mwa chuo.

Hesabu za msingi ni jambo jema, na si kila mtu atakuwa Donaldson. Lakini kigawo kikubwa kinachofundishwa shule ya msingi ndicho kinachotawala vitone vya Wachokwe na kamba ya tairi, na hakuna mwalimu anayeweza kujua, akitazama darasa la wanafunzi 60, ni nani kati yao atakayeliona hilo.

Serikali ina njia tatu zilizo wazi: kupeleka walimu wa hesabu kwanza katika shule za mitaa isiyo na uwezo, kuweka daraja rasmi la kumvusha mwanafunzi kutoka hesabu za kimsingi hadi hesabu kamili anapoonyesha uwezo, na kutimiza ahadi ya sheria yake yenyewe kuhusu fedha za utafiti. Hakuna hata moja inayohitaji sheria mpya.

Vinginevyo, mwanafunzi atapimwa kwa geji ya mahali alikozaliwa, na uzito wa gunia hautawahi kujulikana.